Mzigo wa Ferista haukuwa bidhaa

Foleni ya malori imesimama tena, na madereva wanajua kwamba huo ndio muda wa kula. Wanaruka chini wakiacha milango wazi. Ferista Simbeye anasonga ugali kwa mikono miwili, mguu mmoja umelikanyaga jiko lisiyumbe.

"Mama, leo nyama ipo, au umetuletea harufu yake?" anauliza dereva mmoja.

"Nyama ipo. Wewe meno unayo?"

Kibanda kizima kinacheka, na dereva anapokea sahani yake kwa adabu.

Hapa Tunduma, ng'ambo tu ya Nakonde ya Zambia, Ferista amepika tangu bintiye Jenista akiwa mgongoni. Sasa Jenista ni mchumba wa mtu. Siku ikiwa nzuri, Ferista anabaki na shilingi elfu ishirini. Malori yakipita bila kusimama, anarudi nyumbani na ugali wake.

Kwa kibanda hiki, yeye na mumewe Zabron, fundi wa matairi, walijenga nyumba ya vyumba vitatu. Walipokopa benki ili wamalizie paa, waliambiwa wakate bima ya nyumba pamoja na vilivyomo.

"Mimi nilidhani bima ni ya magari," anasema. "Nikakata tu, maana bila hivyo mabati hayaji."

Mwaka jana, mchana wa jua kali, friji yao kuukuu ilishika moto. Ndani hakukuwa na mtu. Majirani walipomfikia Ferista kibandani, paa lilikuwa limeshakaa chini.

Kampuni yao ya bima haikuwa na neno juu ya nyumba. Kitanda, makochi, televisheni, vyote ilikubali. Ugomvi ulikuwa kwenye sanduku la bati lililokuwa uvunguni. Humo vitenge vilikunjwa na kushindiliwa hata moto ukashindwa kupenya. Viliungua pembeni, katikati vikabaki na rangi zake.

Mkaguzi wa kampuni, kijana mpole aitwaye Ambakisye, alichutama kwenye majivu akavitazama.

"Mama, hivi vyote ni vyako?"

"Vyangu, baba. Huo ndio mzigo wangu wote," alijibu Ferista huku analia.

Neno hilo ndilo lililomponza. Tunduma, mzigo ni kitu kinachovuka mpaka. Una wakala, una ushuru, una mnunuzi anayeusubiri. Ambakisye akaandika kuwa ni bidhaa za biashara, na bima ya vyombo vya ndani hailipi bidhaa. Sanduku likatolewa kwenye madai.

Lakini nyumbani kwao Ferista, huko Momba, mzigo ni kitu kingine. Mwanamke akijifungua, akiozesha au akifiwa, ndugu zake humjia na kitenge ndani ya beseni kichwani. Kitenge hicho, ndio mzigo wenyewe, kimekatwa vipande viwili. Nusu anapewa mwenye shughuli, nusu anabaki nayo aliyeleta, ili wakikutana wavae sare. Hakiuzwi, na mwenye akili zake hakiazimishi.

"Mle kulikuwa na cha mazishi ya mama yangu," anasema. "Mtu anakwambia msiba wa mama yako ni duka. Utalala?"

Zabron alitaka yaishe. Walikuwa wamepanga chumba kimoja na mvua zilikuwa njiani.

"Mama Jenista, tuchukue walichotoa tuezeke," alimsihi. "Vitambaa vile, tena vimeungua."

"Ndiyo, vitambaa. Siku ulipofiwa na baba yako, nilikaa chini nimejifunga kitambaa gani?"

Kesho yake Zabron ndiye aliyemtafutia bodaboda wa kumpeleka Momba kuwaita ndugu.

Kabla ya hapo Ferista alikuwa ameshakwenda ofisi ya bima mara nyingi, akiambiwa atajulishwa. Hakugomba. "Ningegomba wangesema, si mama lishe huyo! Nikawa nakaa kwenye benchi, nawatazama tu. Wakitoka kwenda kula nawaambia, karibuni kwangu."

Jumatatu moja hakuja peke yake. Alikuja na wanawake waliojaa hadi mlangoni, wa Momba na wengine waliovuka kwa miguu kutoka Nakonde, kila mmoja amejifunga nusu yake. Mbele yao alikuwa shangazi yake, Bibi Nesta.

"Tumesikia kuna duka limeungua," Nesta alimwambia Ambakisye. "Sisi ndio wateja. Tumekuja kudai chenji."

"Shikamoo, bibi. Mimi niliandika alichosema mwenyewe. Alisema mzigo."

"Awe, awe, mwanangu," bibi alikataa kwa Kibemba. "Ulipozaliwa, mama yako hakuletewa kitenge?"

"Aliletewa, bibi."

"Akakiuza?"

Ambakisye alicheka akainamisha kichwa. Ferista akafungua kiroba na kumwaga mabaki ya vitenge sakafuni. Wanawake wakainama mmoja mmoja, kila mtu akitafuta chake na kukilaza kando ya pindo la nguo aliyovaa, ua kwa ua.

"Hiki nilikileta Jenista alipozaliwa." "Hiki cha mazishi."

Wateja wengine walisogea kutazama. Ambakisye akachutama tena, safari hii akiuliza habari ya kila kipande na kukipiga picha.

Wiki chache baadaye simu kutoka kampuni ya bima iliita kibandani. Ferista hakuuliza kiasi.

"Mmeandika bidhaa, au mmeandika nguo?"

"Nguo za familia, mama."

Aliruka hadi akamwaga mchuzi. Zabron ndiye aliyepiga tena kuuliza fedha: laki tisa, pungufu ya walizodai, kwa kuwa nguo zilikuwa za zamani.

"Hela wapunguze," anasema Ferista, kidevu juu. "Msiba wa mama yangu umetoka dukani."

Nyumba imeezekwa. Mtaani sasa anaitwa Mama Bima, na Zabron humsimulia habari hiyo kila anayeleta tairi, hata asiyeuliza.

Sanduku jipya liko chini ya kitanda kipya. Ferista hajaweka humo kitenge hata kimoja, kwa sababu mzigo haununuliwi, mtu huletewa. Jenista anaolewa baada ya mavuno, na ndugu wa Nakonde wameshaanza kukata vitenge.

"Naomba Mungu harusi zitangulie kulijaza," anasema, akimpakulia dereva mwingine. "Misiba nayo itakuja, najua. Ila ikute limeshajaa."