Ramani ya Kwenda Ukweni

Mwaka 1998 Mwalimu Didas, tuliyekuwa tukifundisha naye jiografia hapa Kasulu, alinunua kompyuta ya Mzungu wa shirika la wakimbizi aliyekuwa anarudi kwao. Ndani yake mlikuwa na ramani za milima yetu yote: mito, mistari ya kontua, majina ya vijiji. Tangu siku hiyo tulikosa rafiki. Ukimtembelea anawasha jenereta, nyumba inatetemeka, halafu anakuonyesha kilima ambacho ungekiona bure kwa kufungua dirisha.

Kila mwisho wa juma alituongoza matembezini na karatasi alizochapa. Tukikutana na watu, mimi nawasalimia, yeye anawasahihisha. Mama mmoja wa Titye aliambiwa kwamba mto anaochota maji haupiti pale. Mama akatazama ndoo yake, akamtazama mwalimu, akaenda zake.

Basi Didas akampenda Odilia, muuguzi, na Odilia naye akampenda, Mungu ndiye ajuaye kwa nini. Baba wa binti, mzee Tharsisi wa Nyamuhora, upande wa Makere, akatuma neno: waje Jumamosi, wafike jua likiwa utosini, na mkwe asiyefika saa aliyoitwa haitwi tena. Hakuwa anatania. Mchumba wa dada yake Odilia alifika jioni na maelezo mazuri sana, akarudi nayo.

Mshenga nilikuwa mimi. Nikamwambia Didas tumuulize Odilia njia.

"Nimuulize mchumba kwao ni wapi? Nitaonekana mwanaume gani, Yusuph?" akasema, huku akiikuza Nyamuhora mpaka ikajaa kioo kizima.

Tukapanda pikapu. Karibu na Makere tukapita kijiji kando ya barabara; watu wametandika turubai la bluu, masufuria yanafuka, wazee wamevaa makoti. Nikasema tushuke tuulize. Didas akacheka. "Waache watu na sherehe yao." Mbele kidogo tukashuka, tukaanza kupanda mlima. Nilikuwa nimeazima viatu vya harusi vya kaka yangu, vikanibana tangu kontua ya kwanza.

Jua likiwa utosini tukafika Nyamuhora. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na migomba iliyogeuka pori, mafiga ya zamani, na mkuyu mkubwa wenye kaburi chini yake, limezungushiwa mawe. Didas akageuza karatasi, akaigeuza tena. Hatimaye akakaa chini kabisa, na suruali yake mpya.

"Nimempoteza Odilia," akasema. Sikuweza kumcheka, maana machozi yalikuwa yanamtoka kweli.

Tulipoteremka tukakutana na mkata kuni, naye akatueleza. Ramani ilichorwa kabla ya Operesheni Vijiji ya miaka ya sabini. Watu waliposhushwa na serikali hadi barabarani walishuka na jina la kijiji chao, na kompyuta haikupata habari.

Tulifika kwenye turubai la bluu jua likizama. Masufuria yalikwishaoshwa. Odilia alikuwa amevimba macho. Nikapiga makofi ya salamu, kama ilivyo desturi ya Waha. Hakuna aliyejibu, na viti hatukupewa.

"Mlikuwa wapi?" akauliza mzee Tharsisi.

Nilikuwa tayari kudanganya, ndiyo kazi ya mshenga. Didas akaniwahi.

"Nyamuhora, baba. Ile ya juu. Nilifuata ramani ya kompyuta." Akamwonyesha karatasi.

Mzee akaisogeza karatasi karibu na macho. "Ule mkuyu bado upo?"

"Upo, baba."

"Na kaburi?"

"Lipo. Jiwe moja lilikuwa limebiringika, nikalirudisha."

Ni kweli, nilimwona. Nilidhani anapoteza muda.

"Ni la mama yangu," akasema mzee. "Siku tuliyopakiwa kwenye lori niliambiwa nipasahau pale." Akaligusa jina la Nyamuhora kwenye karatasi kwa kidole. "Na hiyo mashine yako inasema tulikuwa tunakaa huko?"

"Inasema, baba."

"Mlifika jua likiwa wapi?"

"Utosini."

Wazee wenye makoti walianza kunong'ona kuhusu saa, na mmoja akasema mkwe amechelewa, neno lisibadilishwe. Mzee Tharsisi akainua mkono.

"Hakuchelewa. Kijana amefika kwetu saa niliyomwita. Sisi ndio hatukuwepo."

Kisha akapiga makofi ya salamu, taratibu, na Odilia akaenda kuwasha moto upya.