Nilimtoza mke mwenzangu mbuzi kwa ajili ya santuri ya marehemu mume wetu

Admin, jina langu lifiche, na wajukuu zangu wakiniona humu wanyamaze. Nina miaka sabini na moja, ni mjane, naishi Kwaluguru, Handeni. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo anayetafuta makosa ya kuandika atafute kwingine. Nina kosa kubwa zaidi ya hayo.

Marehemu mume wangu alifanya kazi shamba la mkonge kule Korogwe, na jioni alikuwa anaimba katika bendi ya pale shambani. Walirekodi santuri moja tu. Picha za marehemu ziliharibika na mvua, kwa hiyo kilichobaki cha kwake ni ile sauti. Tulikuwa wake wawili, mimi mkubwa, na mwenzangu yuko Mnyuzi. Alipofariki, mashine ya kupigia santuri na santuri zake zote zikabaki kwangu. Sikumuuliza mtu. Mimi ndiye mkubwa.

Miaka tisa iliyopita mwenzangu alikuwa anamwoza binti yake, akaja kuniomba ile santuri ipigwe harusini ili mtoto aolewe na sauti ya baba yake. Nikampa kwa shingo upande. Kesho yake akairudisha imefungwa vizuri kwenye kanga. Nilipoiweka kwenye mashine yangu, pale wenzake wa bendi wanaponyamaza na marehemu anapandisha sauti peke yake, sindano ikaruka. Nikarudia, ikaruka. Niliwaka!

Mwenzangu akasema, "Dada, wallahi imepigwa mara moja tu kwenye mashine ya mpiga muziki, na nilisimama palepale mpaka ikaisha."

Nikamwambia, "Ulisimama au ulicheza? Umemkwaruza mume wangu!"

Nikaita wazee wa ukoo. Wakakaa uani kwangu, wakaisikiliza ikiruka, wakasema alete mbuzi tuyamalize. Yule mwanamke hakubishana tena. Alisema tu, "Kama ndiyo amani yenyewe, nitaleta." Akaja na beberu mweupe, kamba ameishika mwenyewe. Tukachinja. Maini nilikula mimi.

Sasa sikilizeni dhambi yangu ilipo. Haikupita miezi mitatu, santuri nyingine nazo zikaanza kuruka, hata zile ambazo hazijawahi kutoka kabatini. Mtu mwenye akili angejiuliza. Mimi nilichukua sarafu nikaigandisha juu ya ule mkono wa mashine ili sindano ikandamize, nikanyamaza, ila ile ya marehemu nikawa naipiga kwa nadra. Mbuzi alikwishaliwa, ningesema nini?

Kila mwaka tukimsomea marehemu dua, mwenzangu anakuja. Watu wakishakula ananisogelea: "Dada, nisikilizishe kidogo tu, hata kwa kurukaruka." Nami namjibu mbele za watu, "Kasikilize huko ulikoiharibia." Anainamisha kichwa, anaenda kuosha vyombo. Miaka tisa hajaisikia sauti ya mumewe.

Mwezi uliopita niliichoka ile mashine kukoroma, nikamwambia mjukuu wangu anipeleke Korogwe tutafute nyingine iliyo bora. Kuna fundi anauza za mtumba, nzito, mkono wa sindano mwembamba kama kijiti. Nilibeba ya zamani aione, pamoja na santuri ya kujaribia. Akaigeuza, akaona sindano imekatika ncha na ile sarafu juu, akacheka: "Bibi, hii mlikuwa mnapigia muziki au mnalimia?"

Nikamwambia, "Koma, mimi si rika lako. Jaribu hii."

Nikampa santuri ya marehemu. Akaifuta, akaiweka kwenye mojawapo ya zile mashine nzito, akashusha sindano taratibu. Nikajikaza nikingojea pale inaporuka. Wenzake wakanyamaza, marehemu akapanda, akafika juu kabisa, akashuka. Haikuruka. Mjukuu wangu akasema, "Bibi, mbona haina mkwaruzo?" Fundi akaielekeza kwenye mwanga, akasema ni nzima, sindano yangu mbovu ndiyo ilikuwa inashindwa kushika pale sauti inapokuwa kubwa.

Nikakaa kwenye spika yake, machozi yananitoka. Akadhani nalia kwa furaha, akaniletea soda.

Nyumbani majirani walikuja kusikiliza. Wakashangaa, mbona siku hizi hairuki? Nikajibu, "Mashine mpya imeiponya." Jitu zima na mvi zangu! Mjukuu alinitazama, akatoka nje. Jioni akaniambia, "Bibi, tubebe mashine twende Mnyuzi ukamwombe msamaha." Nikamfokea kwamba mke mkubwa hapigi magoti kwa mdogo.

Juzi binti wa mwenzangu amepiga simu. Sikio la kulia la mama yake limekufa kabisa, na la kushoto linakwenda. Ukimsemesha lazima umsogelee ubavuni.

Mbuzi nitamlipa, hata wawili, hilo si tatizo. Kinachonishinda ni mdomo. Nikienda na ule uongo wa mashine kuponya, atafurahi, atanishukuru, na atakufa akiamini aliharibu. Nikisema ukweli, wale wazee bado wapo, na mimi niliyemdhalilisha mbele yao nitadhalilika mbele yao. Ni haki yangu, najua, msinifundishe hilo.

Ninachotaka mniambie ni kimoja, nyie mliowahi kumkosea mtu mzima mwenzenu. Nimwambie ukweli kwanza ndipo nimpigie santuri, au nimpigie kwanza? Maana nikianza na ukweli anaweza kukasirika akanifukuza, na mashine nikarudi nayo, na lile sikio moja halinisubiri. Nikianza na santuri atalia, atanishika mkono aniite dada, na ninavyojijua, hapo sitasema tena. Nianze na lipi?