Taa Juu ya Mkeka wa Bi Pili

Amisa wa Magarama, mtaa wa mji wa Gitega, hajawahi kununua kitambaa akiwa ndani ya duka. Atakishika, atakinusa, kisha atatoka nacho mpaka mlangoni akitazame juani, na mwenye duka akinuna, shauri yake. Alizaliwa Muyinga kwenye familia ya Waislamu mafundi, akaolewa Gitega, akaweka cherehani yake barazani, na hadi leo hakuna bibi harusi aliyewahi kulalamika kwamba uzi wa Amisa haukulingana na nguo. Ni mwanamke wa maneno mengi na haraka nyingi. Wazo likimwingia, mumewe hujua kwamba hapo hapana tena kupumzika.

Basi mwaka ule Gitega ilipofanywa mji mkuu wa Burundi, maduka ya vifaa vya umeme yaliongezeka mjini, na katika moja Amisa akaziona taa mpya, bapa kama sahani, za kubanwa darini. Aliambiwa zinatoa mwanga mwingi na kula umeme kidogo mno. Moyo ukamdunda, maana palepale alimkumbuka mama yake.

Mama yake, Bi Pili, alikuwa msichana mdogo nchi ilipopata uhuru, na tangu enzi hizo alikuwa akidarizi kofia kwa mkono. Kila mwanamume wa ukoo wao alioa akiwa na kofia yake kichwani. Sasa Athumani, kifungua mimba wa Amisa, alikuwa anakaribia kuoa, na Bi Pili ameweka sindano chini. Macho yamekufa, alisema, mnunulieni kijana kofia ya dukani. Amisa alikataa katakata. Aliijua nyumba ile ya Muyinga: vidirisha vidogo, dari iliyoiva kwa moshi, na balbu moja ya zamani ambayo Bi Pili aliiwasha wageni wakija tu, kwa kuogopa itamaliza umeme wa mita. Macho hayajafa, Amisa alimwambia kila aliyetaka kusikia na asiyetaka, ila nyumba ni giza.

Kesho yake alirudi dukani kwa Baguma, Mkongo wa Uvira, akiwa na kitambaa cheupe na nyuzi mbili, mmoja mweupe na mmoja wa rangi ya maziwa. Wateja wote wa Baguma walitaka taa inayong'aa kuliko ya jirani. Huyu alitandaza kitambaa mezani akaamuru taa ziwashwe moja moja. Ya kwanza ilikuwa nyeupe ya kuelekea samawati, na chini yake nyuzi zote mbili zikawa kitu kimoja. Ya pili ilikuwa ya manjano, ikakipaka kitambaa chote rangi ya siagi.

"Mama Athumani," Baguma alisema, "we unachagua ampuli ama unachagua nguo?"

"Ni kitu moja, Baguma. Washa ingine."

Ya tatu ilipowaka, kila uzi ukakaa kwenye rangi yake kama uko uani asubuhi. Amisa alipiga kigelegele humo humo dukani, hata wapita njia wakachungulia kuona nani anaolewa. Akaipakata taa yake kwenye gari njia nzima hadi Muyinga, na abiria mwenzake alipomwomba aiweke chini, alimjibu kwamba mtoto mchanga hawekwi chini.

Mdogo wake Sefu, fundi umeme anayeishi pale na mama yao, aliipokea kwa shingo upande. Yeye aliamini macho ya mama yamekwisha na dada yake anajisumbua. Hata hivyo alizima umeme kwenye mita, akapanda meza, akaibana taa katikati ya sebule, juu kabisa ya viti vya wageni. Hakuna aliyeuliza kwa nini pale. Katika nyumba zetu mgeni ndiye hupewa kiti kizuri, kikombe kizima na mwanga, na mwenye nyumba hujibanza panapobaki. Ilipowaka, majirani waliingia kutazama, wakasifu, wakakaa.

Bi Pili naye akakaa mahali pake pa siku zote, kwenye mkeka pembeni, akiwapa wageni mgongo kidogo ili kazi yake isiwasumbue. Akachukua kofia. Akaitazama, akaigeuza, akaisogeza hadi puani, kisha akaiweka gotini.

"Mi siko naona, mwanangu," alisema. "Lakini heri kufa macho kuliko kufa moyo. Asante kwa taa."

Sefu akaanza kukusanya vifaa vyake, na hilo lilimuuma Amisa kuliko kejeli. Majirani walipoondoka na mama alipokwenda kutawadha, Amisa alijitupa kwenye mkeka ule apate kulia vizuri. Akaiokota kofia. Kivuli cha kichwa chake mwenyewe kikaifunika yote, kiduara cheusi juu ya mikono yake, na yeye ana macho mazima. Taa ilikuwa nyuma yake. Miaka yote mama yake alidarizi ndani ya kivuli chake mwenyewe.

Akamwita Sefu mbio, akamkalisha palepale mkekani, akampa kofia. Sefu alitazama, akaenda kutafuta waya.

Aliyepinga sasa ni Bi Pili. Wageni watasema tumewanyima mwanga, alilalamika, ni aibu gani hii, taa kuiweka pembeni na viti vikae gizani. Amisa alimjibu kwa heshima zote kwamba mgeni hana kofia ya kudarizi. Sefu akaufikisha waya pembeni, akaibana taa mbele kidogo ya mkeka, mwanga uangukie mikono. Amisa alikuwa anahema kama yeye ndiye bibi harusi.

Umeme ukarudi. Bi Pili hakuigusa kofia. Alikuwa anamtazama binti yake aliyepiga magoti mbele yake na mtandio umemteleza mabegani, akamtazama kwa muda, uso wake ukibadilika.

"Amisa," alisema polepole. "Kumbe na we umeota mvi?"

Akanyoosha mkono, akaingiza vidole kwenye nywele nyeusi, akatoa unywele mmoja. Sefu alisogea kuuangalia, na hakuuona mpaka mama yake alipouweka juu ya kanga yake nyeusi. Amisa alicheka huku machozi yanamtoka.

Bi Pili alikuwa ameshaivuta kofia gotini.

"Kichwa ya Athumani," aliuliza, "iko kipimo gani?"