Mstari wa Saba

Nilifundisha darasa la pili miaka mingi, na kwa miaka hiyo yote sikuwahi kugombana na daftari. Kwenye daftari neno linakaa pale ulipoliweka. Ukiona umesahau kitu katikati, unarudisha mkono, unachomeka kidogo juu ya mstari, unaendelea. Kompyuta haina adabu hiyo. Niliikuta nikiwa mstaafu, nikiwa na miwani na hasira zangu za zamani, na hakuna mmoja wetu aliyekuwa tayari kumvumilia mwenzake.

Kilichonikutanisha nayo ni maji. Shamba letu liko Bonga, wilayani Babati, na mfereji unaoshuka kutoka kwenye banio, pale maji yanapokingwa, unahudumia mashamba kumi na moja, moja baada ya jingine. Kiangazi maji yakipungua, kamati inapanga zamu upya: nani afungue lini na saa ngapi. Mimi ni katibu. Walinichagua kwa sababu ya mwandiko wangu, nami nilijivuna nao bila kificho. Lakini kaunta buku ilijaa mikato na mishale hadi watu wakawa wanabishana mbele yake. Mwenyekiti aliposikia binti yangu ameniachia kompyuta yake ya zamani, akasema, "Mwalimu, sasa tuandikie kwa mashine, tubandike karatasi safi pale banioni."

Binti alikwisha nitengenezea jedwali kabla hajarudi kazini. Kila shamba lina mstari wake, jina kisanduku kimoja na zamu kisanduku cha pili, kwa kufuata mfereji unavyoshuka. Wa saba ni bibi mmoja mjane, jirani yangu wa juu. Wa nane ni mimi. Kazi yangu ilikuwa kufuta zamu za mwezi uliopita na kuandika mpya kutoka kwenye karatasi ya penseli niliyoiandika kikaoni.

Nilikaa mezani baada ya chai ya asubuhi. Kwa kuwa binadamu huanza na lake, nilianza na mstari wangu: Alhamisi saa nane mchana. Kisha nikarudi juu kwa wa kwanza nikawa nashuka. Nilipofika kwa bibi nikaandika "Alhamisi moja asubuhi", nikaona nimeruka neno "saa". Nikabonyeza mshale wa kushoto ili nirudi ndani ya maneno, kama mtu yeyote mwenye akili timamu angefanya. Kile kisanduku kikaniruka! Badala ya kurudi nyuma herufi kwa herufi, nikajikuta nimetoka kabisa, nimesimama juu ya jina la bibi. Nikaandika "saa" kabla sijatazama vizuri, na jina la mama wa watu likafutika lote, pakabaki "saa" peke yake.

Nilisema neno ambalo sikuwahi kulisema mbele ya watoto. Binti alinifundisha njia ya kutengua makosa, nikatengua mara moja, jina likarudi. Nikatengua tena kwa usalama. Kumbe ile ya pili ilikuwa inaondoa zamu mpya niliyoiandika na kurudisha ile ya mwezi uliopita, Jumatano jioni. Sikuona. Nilikuwa nagonga mishale, kulia, chini, juu, chini, nikitafuta kisanduku cha zamu ya bibi kama mtu anayetafuta kuku aliyetoroka uani. Niliposimama, nikaandika kwa uangalifu mkubwa, bila kuruka neno hata moja: Alhamisi saa moja asubuhi. Nikaridhika, nikamalizia mistari iliyobaki. Kumbe nilikuwa nimeiandika kwenye mstari wa nane, juu ya zamu yangu mwenyewe.

Siku ileile nilikwenda mjini, stesheneri iliyo karibu na stendi, wakanichapia, na jioni karatasi ikabandikwa banioni ndani ya mfuko wa plastiki. Ilipendeza. Mistari imenyooka, hakuna mkato hata mmoja.

Sasa nifike mahali ambapo ningependa kuruka. Jumatano nilipita banioni nikasoma zamu yangu: Alhamisi saa moja asubuhi. Kuna kitu kilinigusa. Nilikumbuka mchana, siyo asubuhi. Lakini maji ya asubuhi ni maji hasa. Udongo unakunywa kabla jua halijapanda, na kabichi zangu zilikuwa zinaanza kufunga. Karatasi ya penseli ilikuwa kwenye mkoba wangu, begani. Ningeifungua kwa muda mfupi kuliko wa kufunga kamba ya kiatu. Nikajiambia karatasi ya mashine haiwezi kukosea, nikaondoka. Alhamisi nikafungua maji, nikamwagilia hadi matuta yote yakang'aa, na nilikuwa na furaha. Kazi ikanichosha hadi sikukumbuka kujiuliza ni nani basi aliyekuwa na zamu ya mchana.

Ijumaa asubuhi nilipanda kumpelekea jirani mmoja mbegu za mchicha, nikapita kando ya shamba la bibi. Nikamkuta ameinama katikati ya maharage. Ana beseni la maji yaliyooshewa vyombo, na kikombe cha bati. Anamwaga kikombe kwenye shina, anasogea, anamwaga kingine. Maharage yalikuwa kwenye maua. Kila mkulima wa Babati anajua kwamba maharage yakikosa maji wakati wa maua, maua yanadondoka, na ua lililodondoka halileti ganda. Yale ndiyo chakula chake mpaka mvua.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, Mwalimu. Umeamkaje?"

"Salama. Mbona na kikombe, bibi? Si juzi au jana mlifungua maji?"

Akanyooka taratibu, mkono kiunoni. "Jana yalikuwa yako, Mwalimu. Tuliyaona yakipita."

"Na ya kwako?"

"Mjukuu alinisomea karatasi, ikasema Jumatano jioni. Nikaenda na jembe langu, nikakuta watu wa huko juu, wakasema ni yao. Nikarudi."

"Lakini kikaoni ulisikia lini?"

"Nilisikia Alhamisi asubuhi." Akacheka kidogo, cheko la kuomba radhi. "Masikio yangu ni ya zamani. Karatasi ni mpya, tena umeiandika wewe. Nikasema Mwalimu hawezi kukosea."

Nilifungua mkoba palepale. Penseli ilisema Alhamisi saa moja asubuhi, wa saba. Chini yake, wa nane, saa nane mchana. Yule mama amefuata mfereji ule tangu mimi sijaolewa; anajua zamu kwa kuangalia kivuli cha nyumba yake. Alikuwa ameacha kujiamini kwa sababu yangu, na mimi nilikuwa nimeiamini karatasi kwa sababu ilinipendelea. Niliona aibu, na ninaiona hata sasa ninapoandika.

Mfereji wetu una sheria ya zamani: maji hulipwa kwa maji, na husemwa mbele ya watu. Jumamosi ni siku ya kusafisha mfereji, kila nyumba inatoa mtu na jembe. Kabla hatujaanza nikasimama nikaeleza. Nilisikia mtu nyuma akisema, "Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake," na wachache wakacheka. Mwenyekiti akataka kuniokoa. "Ni kompyuta hiyo, Mwalimu. Mashine hizi zina mambo yake."

"Kompyuta iliruka mstari," nikasema. "Lakini mkoba ulikuwa wangu."

Nikampa bibi zamu zangu mbili. Ya kwanza tuliifungua mchana uleule, kwa kubadilishana na mwenye zamu ya siku hiyo. Nilimshikia jembe tukaelekeza maji tuta kwa tuta. Matuta matatu ya juu hayakupona. Maua yalikwisha dondoka. Kabichi zangu nazo zilisinyaa wiki mbili, nikaziangalia bila kuzionea huruma sana.

Jumatatu nilirudi stesheneri na karatasi yangu. Mwenye duka ni mama wa makamo, mwenye sauti ya kutangaza misa. Nilimweleza jinsi mishale inavyonitoa ndani ya kisanduku. Hakunicheka. Akasema hata yeye mashine ilimliza alipoanza, akanionyesha kitufe cha juu kilichoandikwa F2. "Ukianza kuandika tu, mashine inadhani unapita njia. Bonyeza hiki kwanza, ijue umeingia ndani. Hapo mishale inatembea humohumo kwenye maneno." Nikajaribu. Kushoto, kushoto, kushoto, herufi kwa herufi, kama kidole cha mtoto kwenye kitabu cha kusoma. Nilikaribia kulia kwa hasira kwamba dawa ilikuwa fupi hivyo.

Siku hizi sichapi kabla ya kuzungukia mashamba yote kumi na moja. Ninabeba kompyuta kwenye kikapu, nimeifunika kwa kanga. Nikifika kwa bibi, ananipa kigoda, ananimiminia uji, nami namuuliza zamu yake.

"Karatasi inasemaje?" anauliza.

"Haijasema kitu, bibi. Sema wewe kwanza."

Mara ya kwanza alidhani nampima. Kisha akageuka akaangalia kivuli cha nyumba, akaitaja siku, akaitaja saa. Nikabonyeza kile kitufe, nikaandika alivyosema.