Kipande cha Sita

Norris Entwistle, fundi boila mstaafu wa Burnley, Uingereza, alikuwa na ugonjwa mmoja tu: *Abiria wa Nyota*. Tamthilia hiyo ya angani ilianza kwenye televisheni yeye akiwa na miaka saba, na mpaka anaota mvi ilikuwa bado inaendelea, na majoka yake ya mpira na vyombo vyake vya anga vya maboksi. Watu arobaini na mmoja aliwaambukiza, na hakupona hata mmoja. Usicheke. Wewe umewahi kumwambukiza nani nini, zaidi ya mafua?

Kanuni zake zilikuwa mbili. Mgeni haanzii mwanzo, maana huko atalala. Anaanza na hadithi ya mlango wa mwezini, yenye vipande sita, kila Jumamosi kimoja, kwa chai na biskuti, kama ilivyorushwa zamani. Ya pili: mwisho hausemwi, hata kwa mtutu wa bunduki.

Mgeni wa arobaini na mbili alikuwa Harold Pickup, muuza nyama, aliyemwita Norris "mtoto wa mwezini" tangu wakiwa shule. Saratani ilikuwa imemlaza kwenye nyumba ya wasiotarajiwa kupona.

"Haya, mtoto wa mwezini," alisema, sauti imebaki nusu. "Nianzishie hayo masanamu yako. Nimechoka kutazama dari."

Kipande cha kwanza Harold alicheka hadi akakohoa. "Joka gani hilo? Si mpira wa kumwagilia bustani!" Cha pili hakucheka. Cha tatu alimnyamazisha nesi.

Nesi mwenyewe, Oonagh, alimvuta Norris pembeni. "Mzee wangu, kwa nini usimwonyeshe vyote leo?"

"Vina utaratibu wake, binti."

"Na yeye ana siku zake."

Norris alielewa, hakuwa mjinga, ingawa alijitahidi kuwa. Lakini alikuwa amejiaminisha jambo: mtu anayesubiri kipande hafi. Ana miadi.

Kipande cha tano kiliishia nahodha na wenzake wakiusukuma mlango, hewa inawaishia. Harold akamshika Norris mkono. Mkono ule uliopasua mifupa ya ng'ombe miaka yote sasa ulikuwa mwepesi kama karatasi ya kufungia nyama.

"Unafunguka?"

"Jumamosi."

"Usiwe punda, Norris. Niambie."

"Ukitaka kujua, uwepo."

"Shetani mkubwa wewe," Harold akasema, akafumba macho.

Alikufa Alhamisi, kabla ya chai ya asubuhi.

Jumamosi Norris alikwenda vilevile, biskuti mfukoni. Kitanda kilikuwa kimeshatandikwa shuka safi. Akakaa kwenye kiti chake.

"Wanausukuma, kumbe ni wa kuvuta," akakiambia kitanda. "Basi. Haukufungwa hata siku moja."

Wiki tano za roho juu, kwa upuuzi ule! Harold angemcheka mpaka kaburini. Hilo ndilo lililomkata maini.

Siku hizi mgeni akibisha hodi, hata koti hajavua, Norris anamtamkia mwisho palepale kizingitini. Wapenzi wenzake wa tamthilia hawamsemeshi tena. Wageni saba wamekuja tangu hapo, na hakuna aliyerudi Jumamosi ya pili.

"Wasirudi," anasema, akijimiminia chai peke yake. "Wameondoka wanajua."