Nyangi Alicheka Njia Nzima

Siku ile sijaisahau, mwanangu, ingawa umri umeshaanza kuninyang'anya mengi. Nilikuwa mwalimu kijana hapa Mugumu, miguu yangu myepesi, na kila Jumamosi nilipanda vilima. Kanisani kwetu walikuwepo vijana watano wenye ulemavu wa akili, ambao maisha yao yote yalikuwa nyumbani na kwenye ibada. Nikajitolea kuwatembeza. Wazo lilikuwa jema, hilo silijutii.

Njia zilikuwa mbili. Moja ilifuata bonde, tambarare, na ungeweza kurudi wakati wowote. Nyingine ilipanda kilima cha mawe, na ukifika juu unaiona mbuga yote. Nikachagua kilima. Ile ya bondeni niliiona ya watoto. Na nikwambie ukweli, nilitaka watu waseme kwamba mwalimu yule amewafikisha hata wale kileleni.

Mmoja wao aliitwa Nyangi, binti wa miaka ishirini hivi, mpole, anayependa kushika mkono wa mtu akitembea. Mama yake, mjane aliyelima mtama na mihogo, alimleta asubuhi akiwa amemvisha viatu vipya.

"Mwalimu, hiyo njia umeipita?" akaniuliza.

"Mara nyingi, mama."

"Umeipita na mtu kama Nyangi?"

Nikatabasamu tu. Akanishika mkono wa shati. "Huyu hajui kusema amechoka. Akichoka au akiogopa, anacheka. Ukimsikia anacheka peke yake, mkalishe, mpe maji, mrudishe."

Nikaitikia ndiyo, kama kijana mwenye haraka anavyowaitikia wakubwa.

Tulikuwa nusu ya kilima Nyangi alipoanza kucheka. Hapa, mwanangu, ndipo ninapojichukia. Sikuwa nimesahau maneno ya mama yake. Niliyakumbuka vizuri, nikayaweka kando kwa sababu kilele kilikuwa karibu. Nikawaambia wenzake, "Mwoneni Nyangi anavyofurahi." Nao wakacheka naye. Akafika juu. Sisi tuliitazama mbuga, yeye alitazama viatu vyake.

Wakati wa kushuka tukakutana na ng'ombe wanapanda njia ileile nyembamba. Nyangi akasimama, anacheka kwa sauti, na machozi yanamtoka. Nikamvuta mkono. "Twende, hawana neno hawa." Akajinasua, akateleza kwenye mawe, akaanguka kwenye korongo lililokuwa kando ya njia. Niliusikia mfupa wa mguu ukivunjika.

Wenye ng'ombe walinisaidia kumbeba kwa shuka mpaka barabarani. Hospitali walipomvua viatu, visigino vyake havikuwa na ngozi. Alikuwa amepanda hivyo, na mimi nilikuwa mbele nikipiga hadithi.

Mama yake hakunigombeza. Alikaa kando ya kitanda akasema, "Nilikwambia anacheka."

Nikamwomba msamaha. Akanijibu, "Mimi sikuvunjika, Mwalimu. Mwombe yeye."

Nikamgeukia Nyangi, nikamwomba. Nyangi akaanza kucheka.

Mguu ule ulipona ukiwa umepinda. Wale wenzake wanne wazazi wao waliwakataza kutoka, na sikuwa na mdomo wa kuwabishia. Mama yake alishafariki, na Nyangi, mtu mzima sasa, anaishi kwa kaka yake kule Kerende. Nilikuwa nakwenda kumsalimu. Nimeacha, kwa sababu nikiingia tu uani anacheka.

Sasa wewe umekuja na karatasi yako ya kuwatembeza vijana kama wale, na siku ya kwanza umeandika kilima. Kifute. Wapeleke Manchira, kando ya bwawa, penye tambarare na mahali pa kukaa, kabla ng'ombe hawajashuka kunywa maji. Kwanza njia hiyo ipite mwenyewe. Halafu ipite na mmoja wao, pamoja na mtu anayemjua, na atakaposimama, hapo ndipo njia ya siku hiyo imeishia, hata kama bado unaiona nyumba mliyotoka. Irudieni njia hiyohiyo mpaka waizoee. Viatu wavivae nyumbani wiki nzima kabla. Muulize kila mzazi mwanawe akichoka anafanyaje, kisha muulize na mwana mwenyewe, maana mimi sikumuuliza Nyangi hata mara moja kama alitaka kupanda. Na moyo wako ukianza kutamani sifa, siku hiyo usiwatoe. Kilima utakipanda siku nyingine, peke yako.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe masikio ambayo mimi sikuyatumia, akupe subira ya kutembea nyuma yao, na kila utakayemtoa kwao asubuhi arudi kwa miguu yake mwenyewe, akitaka kwenda tena.