Gavana Hakuuliza Viumbe Gani

Shangazi yangu hajawahi kucheza mchezo wa kompyuta hata mmoja, na bado ndiye aliyenifundisha mchezo niliokuwa nimeutafsiri mwenyewe kwa miezi minne. Siku hizi nalisema hilo bila haya. Siku yenyewe haya ilinitosha.

Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa mtangazaji wa stesheni ya treni: yule mtu asiyeonekana anayekwambia treni yako iko jukwaa la tatu na itachelewa. Aliacha kazi ghafla, na sisi watoto wa kaka yake tukaambiwa ni magoti, ngazi za kibanda cha kutangazia zimemshinda. Sauti aliondoka nayo. Mpaka leo akikuita mezani unageuka kwanza kutazama kama mizigo yako imetimia.

Basi nilipopewa kazi ya kuuweka mchezo ule katika Kiswahili, na kampuni ikakosa mtu wa kuigiza sauti ya Gavana, nikajitia kimbelembele nikamtaja yeye. Gavana ndiye mbaya wa mchezo, mwanamke wa makamo anayetawala mji uliojengwa kwenye sayari ya mbali. Viumbe wa ajabu wanapozuka jangwani, anafunga milango ya mji huku wachimbaji mia tatu wakiwa bado nje, kisha anawatangazia jamaa zao kwamba kila kitu kiko shwari. Mchezaji humwinda mchezo mzima, na hakuna anayemhurumia.

Studio ilikuwa chumba kidogo kilichobandikwa sponji ukutani, na feni ilizimwa isisikike kwenye rekodi. Saa tatu asubuhi tayari jasho lilikuwa linatutiririka. Mwongozaji tulimwita Bwana Kimya, kwa kuwa neno hilo alilisema kuliko mengine yote. Alimweleza Shangazi tabia ya Gavana kwa maneno machache: uchu wa madaraka.

"Viumbe wamemshtua kama walivyowashtua wengine," alisema. "Ila yeye kaona nafasi, kaitumia. Kwa hiyo hapa, Mama, nguruma kidogo, halafu mwishoni ucheke."

Shangazi akavua miwani. "Nicheke nini?"

"Si ameshinda?"

"Hajashinda kitu huyu. Na hao viumbe alikuwa anawajua siku nyingi."

Bwana Kimya akaniangalia mimi. Nikakohoa kitaalamu, nikasema hakuna mahali popote panapoonyesha kwamba Gavana alijua. Mimi si ndiye niliyelipitia kila neno?

"Ukurasa wa kumi na nane," akasema Shangazi. "Hebu tusomee, mwanangu."

Kumbe alikuwa amesoma makaratasi yote, si sehemu yake tu. Nikasoma. Askari anaingia mbio na kupiga kelele: Kuna viumbe nje ya ukuta! Gavana anajibu: Watu wetu walio nje ni wangapi?

"Haya. Mimi nikuingilie sasa hivi nikwambie kuna viumbe mlangoni. Utaniuliza nini?"

"Viumbe gani," nikajibu, na kabla sijafunga mdomo nikawa nimeona nilivyokosea.

"Yeye hakuuliza viumbe gani. Anawajua. Kilichobaki ni kujua hasara."

Miezi minne! Nilikuwa nimebishana na nafsi yangu siku nzima kama niandike ukuta au boma, nikaliruka swali lile kama dimbwi la maji.

Bwana Kimya hakulegea. "Sawa, alijua. Basi ndiyo kawa mbaya zaidi. Acheke." Akatazama saa. "Mama, nakuheshimu sana, lakini jana tumepata mwigizaji mwingine, mzoefu, na saa saba anakuja. Ukifanya ninavyotaka, kazi ni yako. Usipofanya, nampa yeye."

Wiki mbili nzima Shangazi alikuwa akifanya mazoezi jikoni, na asubuhi ile alikuwa mlangoni kwangu saa kumi na mbili, amesuka, ana pochi mkononi. Hiyo ilikuwa kazi yake ya kwanza kwa miaka minane, na aliitaka mno.

"Shangazi," nikanong'ona, "cheka kidogo tu, yaishe."

"Sicheki," akasema, wala hakukasirika. "Mtu anayejua hangurumi. Anakuwa mpole. Mpole mpaka unamshukuru."

"Umeyajulia wapi hayo?" Bwana Kimya akauliza, kejeli imemjaa mdomoni.

Akamjibu kama anayesimulia habari za mtu mwingine. Mwaka wake wa mwisho stesheni, simu ililia kibandani alasiri: daraja limekatika, treni ya saa kumi imetumbukia mtoni. Waambie watu imechelewa, wakubwa wako njiani. Akatangaza nusu saa. Kisha nusu saa nyingine. Alitangaza mara nne. Chini ya dirisha la kibanda palikuwa na watu kama mia mbili waliokuja kupokea wenzao, na baba mmoja aliyembeba mtoto mabegani akampungia mkono, kumshukuru kwa taarifa.

"Niliamriwa, ndiyo. Lakini msidhani ilikuwa amri tu," alisema. "Nilitaka yule mtoto aendelee kukaa pale juu. Dakika tano zaidi. Huyu Gavana hana uchu wa madaraka, baba. Anaziogopa nyuso za wanaosubiri."

Miaka minane tulikuwa tukimtania kuhusu magoti. Nilitamani kumkumbatia, nikashindwa hata kumtazama.

Bwana Kimya akavaa hedifoni. "Mara moja, Mama. Kwa njia yako."

Shangazi akaingia nyuma ya kioo, akasogea kwenye kipaza sauti na kuiweka karatasi pembeni.

"Wananchi wenzangu, kila kitu kiko shwari. Wachimbaji wetu wamechelewa kidogo tu. Rudini majumbani mkapumzike. Milango itafunguliwa asubuhi."

Hakunguruma. Ilikuwa sauti ya mtu anayemfunika mtoto shuka, na nywele zilinisimama. Palipoandikwa acheke alivuta pumzi, kisha akasema polepole: "Nisameheni."

Bwana Kimya hakusimamisha rekodi. Akanigeukia.

"Hilo la mwisho lipo kwenye maandishi?"

Nyuma ya kioo Shangazi alikuwa bado amefumba macho, mikono yote miwili imeshika stendi ya kipaza sauti.

"Lipo," nikasema.